Je, Picha ya Msaada Inaweza Kumdhulumu Mtu?

Wako watu wanaosema kwamba picha haina maadili. Kamera ni chombo tu, kama jembe au kalamu, nayo hunakili mwanga uliokuwepo. Mimi sikubaliani nao. Anayepiga picha huchagua pa kusimama, huchagua wa kumpiga na wa kumwacha, kisha kati ya picha mia huchagua moja na kuiandikia maneno chini yake. Kila hatua hapo ni uamuzi, na palipo na uamuzi unaomgusa mtu mwingine pana swali la haki. Katika insha hii nauliza swali moja: mtu akipigwa picha kwa nia njema ya kumsaidia, je, picha hiyohiyo inaweza kumdhulumu?

Nitaegemea kazi za wapiga picha wawili waliopiga maisha ya jumuiya za Wayahudi, mmoja Ulaya ya Mashariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mwingine hapa kwetu Afrika Mashariki, karibu na Mbale, nchini Uganda. Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa Bujumbura ana nini na Wayahudi. Ninakaa Gasenyi. Mtu wa nje akitafuta picha za mtaa wetu atakuta aina mbili: Ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2019, na watoto waliobeba madumu ya maji njiani. Picha zote mbili ni za kweli. Lakini mimi, na jirani yetu fundi cherehani, na vijana wanaocheza karata jioni nje ya duka, hatumo katika yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo swali la nani anachagua picha yangu si swali la watu wa mbali.

Roman Vishniac alizaliwa mwaka 1897 karibu na St Petersburg, akakulia Moscow, na baada ya mapinduzi ya Urusi akahamia Berlin mwaka 1920. Katikati ya miaka ya 1930 shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani, American Jewish Joint Distribution Committee, lilimwajiri apige picha za Wayahudi maskini wa Ulaya ya Mashariki. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1938 alizunguka Poland, Romania, Chekoslovakia na kwingineko. Kazi yake ilikuwa wazi: picha zipelekwe Marekani, watu wazione, wasikitike, watoe pesa. Ndiyo kusema alitumwa kutafuta umaskini, naye akaupata. Alipiga vyumba vya chini ya ardhi, wachukuzi wanaovuta mikokoteni, watoto wa vyuo vya dini wenye nguo zilizochakaa, wazee wenye ndevu katika vichochoro vyenye theluji.

Hapo sioni kosa. Watu walikuwa na njaa kweli. Serikali na majirani walikuwa wakiwasusia Wayahudi katika biashara na kuwabana katika vyuo vikuu, na shirika lilihitaji kitu cha kumwamsha mtu aliyeshiba New York. Anayemwombea mgonjwa dawa haanzi kwa kusimulia jinsi mgonjwa anavyocheza ngoma vizuri. Husema anapoumwa.

Tatizo linaanza baadaye. Kati ya mwaka 1939 na 1945 Wanazi na washirika wao waliua Wayahudi wapatao milioni 6, karibu nusu yao wakiwa wa Poland. Vijiji na mitaa aliyoipiga Vishniac vilibaki bila watu wake. Yeye mwenyewe alizuiliwa kambini Ufaransa, kisha mwaka 1940 akatoroka pamoja na familia yake kupitia Lisbon hadi New York, ambako baadaye alipata jina kwa kupiga picha za viumbe wadogo kwa darubini. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake mashuhuri, A Vanished World, yaani ulimwengu uliotoweka. Picha zilizopigwa ili kuombea chakula zikawa sasa ndizo kumbukumbu. Zilizofanywa kuwa ombi zikageuka kuwa kaburi na historia kwa pamoja, na vizazi viwili vya Wayahudi na wasio Wayahudi wakaamini kwamba hivi ndivyo watu hao walivyokuwa: maskini, wacha Mungu, wenye huzuni, kana kwamba walikuwa wakisubiri kufa.

Lakini mtafiti Maya Benton, aliyechunguza mkusanyiko wa negativu zake katika International Center of Photography huko New York, alikuta mambo mengine. Vishniac alikuwa amepiga pia wanawake wenye maduka, vijana waliovaa suti za kisasa, watu wanaocheka, Wayahudi wasioshika dini sana, kambi za mafunzo ya kilimo zenye vijana wenye misuli. Hao hawakuingia kitabuni, au waliingia wachache. Zaidi ya hayo, baadhi ya maelezo aliyoyaandika hayakulingana na negativu. Mfano unaotajwa sana ni wa picha mbili zilizowekwa ukurasa kwa ukurasa. Katika moja baba anachungulia mlangoni, katika nyingine mtoto ananyosha kidole. Maelezo yanatuambia kwamba mtoto anamwonya baba yake juu ya genge la wachukia Wayahudi linalokuja. Uchunguzi ulionyesha kwamba picha hizo hazikuwa za tukio moja.

Sasa tupime. Je, Vishniac aliwadhulumu? Wanaomtetea wana hoja nzito. Wanasema wasiwasi alioueleza ulikuwa wa kweli. Magenge yalikuwepo na watu walipigwa, hata kama baba yule na mtoto yule hawakukaa nyumba moja. Wanasema pia kwamba alikuwa mtu anayeomboleza, na mwombolezaji hasimulii kama karani wa mahakama. Hoja hii ya pili inanigusa. Katika matanga yetu hakuna anayesimama kusema marehemu alikuwa na deni la duka.

Hata hivyo nadhani hoja hiyo inachanganya nyakati mbili. Mwaka 1937 kulikuwa na mtu wa kuokoa kwa picha ile. Aliyeacha nje mwenye suti ili apate mkate wa mwenye njaa alikuwa na sababu. Mwaka 1983 hapakuwa tena na mkate wa kuomba. Sababu iliyokuwa imehalalisha uchaguzi ilikuwa imekwisha, lakini uchaguzi ukabaki. Naona hapo ndipo dhuluma inapoingia, tena bila mtu kukusudia ubaya. Msamaha tunaompa mwenye kuomba msaada ni wa muda. Ni kama ruhusa ya kupita shambani kwa mtu wakati barabara imefurika. Maji yakikauka, ukiendelea kupita unatengeneza njia katika mali isiyo yako.

Mali yenyewe ni nini? Ni ukamilifu wa mtu. Mwanamke yule wa dukani aliyeachwa ndani ya sanduku la negativu aliuawa mara moja na Wanazi. Sisemi Vishniac alimwua mara ya pili, hilo lingekuwa neno kubwa kupita kiasi. Ila kutokuwepo kwake kitabuni kumefanya kifo chake kieleweke vibaya. Anayeamini kwamba waliouawa walikuwa tayari watu wa zamani, wa vumbi na mishumaa, huona kama historia ingewafuta tu siku moja. Anayemwona mwanamke anapanga bidhaa zake na kuweka bei anaelewa kwamba kilichokatwa ni maisha yaliyokuwa yakiendelea.

Kuna picha moja ya Vishniac nimeiwaza kuliko zote. Ni ya msichana huko Warsaw, anaitwa Sara, ameketi kitandani katika chumba cha chini ya ardhi. Ukutani juu ya kichwa chake kuna maua yaliyochorwa. Maelezo yanasema chumba hakikuwa na moto, kwa hiyo msichana alikaa kitandani majira yote ya baridi, na baba yake akamchorea maua hayo, ambayo ndiyo pekee aliyoyapata utotoni. Kila anayeiona husema: masikini mtoto. Nami nilisema hivyo. Kisha nikakumbuka studio za zamani za Buyenzi.

Kwa wasioujua mji wetu, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na huko ndiko watu wa rika la bibi yangu walikokwenda kupiga picha. Studio ilikuwa na pazia lililochorwa: bustani, ngazi, pengine ndege au ziwa lenye mashua. Mteja aliyekosa koti aliazimwa koti. Saa ya mkono vilevile. Mtu aliyetoka kubeba magunia bandarini alitoka pichani kama karani wa benki, amekaa wima, mkono juu ya goti ili saa ionekane. Mtaalamu wa leo akiiona picha ile atasema ni uongo: mtu huyu hakuwa na bustani wala saa. Mimi nasema haikuwa uongo hata kidogo, kwa sababu aliyeamua ni mwenye uso. Alikuwa akitoa habari sahihi kabisa kuhusu jambo moja ambalo kamera haiwezi kulinasa peke yake, yaani namna anavyotaka kukumbukwa.

Maua ya Sara ni pazia la studio. Baba maskini alimchorea mwanawe bustani ili asikae mbele ya ukuta mtupu. Maelezo ya picha yanayageuza maua hayo kuwa dalili ya ukosefu, lakini ukiyatazama upya ni dalili ya mtu aliyekuwa na brashi, muda na upendo. Umaskini upo palepale, sijaufuta. Nimemrudisha baba tu, maana katika masikitiko yetu alikuwa amepotea.

Bibi yangu ana neno moja kila anapoona simu imeinuliwa kuelekezwa kwake: "Ngoja nivae." Hata kama amevaa. Huingia ndani, hurudi na kitambaa kingine kichwani, ndipo hukaa. Zamani nilidhani ni majivuno ya wazee. Sasa naona ni kanuni ya maadili iliyo timamu kuliko nyingi tulizosoma darasani. Haombi kuonekana tajiri. Anaomba dakika moja ya kuwa upande wa waamuzi. Vishniac alisimulia kwamba mara nyingi alificha kamera ndani ya koti, kwa kuwa Wayahudi washika dini waliona kupigwa picha ni kuvunja amri inayokataza sanamu. Wapo wanaotilia shaka kama alificha mara nyingi kiasi hicho, maana watu wengi pichani wanamtazama usoni. Lakini chukua maneno yake kama yalivyo: aliwanyima dakika ile wakijua sababu ya kukataa. Je, faida ya kuwa na nyuso zao leo inatosha kufidia? Mimi nasita. Kama wangeulizwa mwaka 1937, wangekataa. Kama wangeulizwa wakijua yatakayowapata, labda baadhi wangesema piga, piga haraka, piga na watoto. Hatuwezi kuwauliza, na anayejibu kwa niaba yao kwa uhakika mkubwa, wa upande wowote, namwogopa.

Nije Uganda. Karibu na Mbale wanaishi Abayudaya, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni Wayahudi tu. Asili yao si ya kuhama kutoka mbali. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kutwaa mashariki ya Uganda, akitumaini kupewa utawala wake. Hakupewa alichotaka. Akaachana nao, akasoma Biblia kwa bidii yake mwenyewe, na alipofika kwenye amri za Agano la Kale akaona hapana sababu ya kuziacha. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akajitangaza Myahudi. Alikufa mwaka 1928, jumuiya ikaendelea. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, uliwapiga marufuku. Masinagogi yalifungwa, wengi wakaenda kanisani au msikitini, na kutoka watu wapatao elfu tatu wakabaki mia chache waliosali kwa siri. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo ilikuwa inaanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukombolewa kutoka Misri. Huhitaji kuwa Myahudi ili mwili usisimke.

Mpiga picha wa Kimarekani Richard Sobol alikuwa tayari amefanya kazi Uganda, akitoa mwaka 1995 kitabu kuhusu tembo wa nchi hiyo. Mwaka 2002 akatoa kitabu cha picha kuhusu Abayudaya, pamoja na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki, aliyerekodi nyimbo zao. Kitabu kiliuzwa na diski ya nyimbo ndani yake. Mwaka huohuo wa 2002 marabi kutoka nje walikuja Mbale kuwaongoza mamia ya wanajumuiya katika taratibu rasmi za kuingia dini, kwa sababu Wayahudi wengi duniani walikuwa wakiuliza: hawa ni kweli?

Hapa picha ilikuwa na kazi tofauti na ile ya Vishniac. Ilikuwa ushahidi, haikuwa ombi la mkate. Kofia ndogo kichwani, gombo la Torati mikononi, mishumaa ya Ijumaa: tupo, na tunasali kama ninyi. Ushahidi nao una mtego wake, na sitaki kuupita haraka. Msomaji wa Boston au London huvutwa na mshangao, mtu mweusi mwenye kofia ya Kiyahudi. Mshangao ni mlango mzuri wa kuingilia lakini ni sebule mbaya ya kukaa. Mtu aliyezaliwa Nabugoye, ambaye babu yake alishika Sabato, si ajabu kwake mwenyewe. Kumtazama kila mara kama ajabu ni kumwambia kwamba kawaida ni ya wengine. Na ushahidi hautoshi kamwe kwa asiyetaka kuamini. Hata baada ya vitabu, nyimbo na taratibu rasmi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel mwaka 2018 ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko kama Myahudi.

Ninachokipenda katika kazi hii ni mambo mawili. La kwanza ni ile diski. Mtu wa pichani hutazamwa, lakini anayeimba hukulazimisha wewe unyamaze. La pili ni kwamba Sobol alirudi. Mwaka 2012 alitoa kitabu kingine cha picha, cha watoto, kuhusu J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jumuiya hiyo, aliyewaunganisha majirani Wayahudi, Waislamu na Wakristo mwaka 2004 katika ushirika wa kahawa unaoitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Sasa mtu yule anaonekana ana shamba, bei ya kahawa, na majirani wasioomba kama yeye. Kutoka ajabu amekuwa mkulima. Mpiga picha anayerudi huwa na nafasi ya kupunguza dhuluma ya ziara ya kwanza, na nafikiri hili ni jibu bora kuliko kanuni nyingi za maadili zilizoandikwa na mashirika. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wapiga picha ningeongeza: mgeni, rudi tena.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni anasa, kwamba bora picha yenye kasoro kuliko kutokuwa na picha. Kwetu Burundi siwezi kuidharau hoja hiyo. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalipatikana katika makaburi ya pamoja mkoani Karusi, ya waliouawa mwaka 1972. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Fikiria hilo. Mtu anamtambua mzazi wake kwa miwani, miaka 48 baadaye. Familia nyingi hazina picha ya marehemu wao hata moja, au zina ile ya kitambulisho tu, iliyopigwa kwa amri ya serikali, ambayo hakuna mtu hutabasamu. Mbele ya familia kama hiyo siwezi kusema picha za Vishniac ni tatizo. Zingekuwa hazina.

Ila hoja hiyo, ikitazamwa vizuri, inanipa mimi nguvu. Kama picha moja inaweza kubaki kuwa uso pekee wa mtu, basi anayeipiga leo kwa ajili ya ripoti ya msaada hajui kama anapiga ripoti au anapiga kumbukumbu ya mwisho. Mkimbizi anayepigwa akiwa kwenye foleni ya unga, mtoto anayepigwa akiwa na kamasi ili mfadhili aguswe, huenda familia yake isiwe na nyingine. Kwa hiyo deni la mpiga picha halisubiri watu wafe. Apige foleni, kama foleni ndiyo kazi aliyotumwa. Kisha asubiri dakika moja mtu avae, apige ya pili, na hiyo ya pili asiitupe hata kama ofisi haiitaki. Negativu ambazo Vishniac hakuzichapisha ndizo zilizowarudishia watu wale sura yao, kwa sababu alizihifadhi. Hilo lazima nimhesabie. Mkusanyiko wake sasa uko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na maelfu ya picha ziliwekwa kwenye intaneti ili umma usaidie kutambua majina ya watu na mahali.

Nilimuuliza mzee mmoja mwenye studio Buyenzi kama bado ana negativu za miaka ya nyuma. Anazo, ndani ya katoni mbili chini ya meza. Nilipomwuliza kama anawajua watu hao, alisema wengi anawajua, na akaanza kunitajia: huyu mke wa dereva fulani, huyu alikuwa akiuza mafuta ya mawese, huyu aliondoka akaenda Uvira. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza, akasema, na macho yake yanazidi kudhoofika.